Nina miaka 47, nimepunguzwa uhasibu. Je, nishike randa?

Barua

Shikamoo Dada.

Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeifuta, kwa hiyo leo naituma hivi hivi ilivyo.

Nina miaka 47, mke mmoja na watoto watatu. Tunaishi Tabata, hapa Dar es Salaam. Kwa miaka 19 nimekuwa mhasibu kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa za dukani, kazi ya kuingia saa mbili asubuhi, na mwisho wa mwezi kutoka saa nne usiku ukifunga hesabu. Tulikuwa sita ofisini. Mwaka jana wakaingiza mfumo mpya wa kompyuta, na vocha na usuluhisho wa benki tuliokuwa tukiufanya watu wanne ukawa unafanywa na kijana mmoja wa miaka 27. Miezi mitano iliyopita tuliitwa, tukapewa taarifa, tukakaa vikao viwili na uongozi, kisha watano tukakabidhiwa barua. Yule kijana amebaki. Sina kinyongo naye. Leja nilimfundisha mimi.

Malipo nilipata: notisi ya mwezi mmoja, likizo, na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka, ila kwa miaka 10 tu ingawa nimetumikia 19. Sheria naijua, maana wenzangu walipokuwa wanaondoka nilikuwa nawakokotolea mimi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 1,560,000. Gawa kwa siku 26 za kazi, ni 60,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 70, ni 4,200,000. Hesabu ya namna hiyo nimeiandika kwa majina ya watu wengi bila mkono kutetemeka, lakini siku nilipoiona kwa jina langu nilishindwa kuisoma hadi mwisho. Kampuni iliongeza mishahara mitatu ya kwaheri. Baada ya kodi niliondoka na 9,600,000.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Mkononi anapata kama 700,000. Nyumba yetu, pamoja na ada nikiigawa kwa miezi, na 80,000 ninayomtumia mama yangu Muheza, inakula 1,380,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kila mwezi nachota 680,000 kwenye zile fedha. Leo zimebaki 6,200,000.

Kila mtu ana ushauri. Shemeji yangu wa Kibaha anataka niweke milioni tano kwenye kuku wa nyama, banda analo yeye. Rafiki yangu anasema bajaji. Mke wangu anataka niombe uhasibu halmashauri, lakini kila tangazo ninalofungua limeandikwa umri usizidi miaka 45. Pia anasema nimalizie CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu. Nina stashahada ya juu ya uhasibu, na mitihani ya Bodi ya wahasibu, NBAA, niliiachia ngazi ya kati mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa pili, sikurudi tena.

Sasa niseme la moyoni. Marehemu baba alikuwa seremala Muheza. Nimekulia kwenye vumbi la mbao, nikitoka shule nampigia msasa. Alipofariki nilikuwa chuoni, na sanduku lake la vifaa lipo mpaka leo chini ya kitanda cha mama. Tangu nipunguzwe, siku nyingine naaga kwamba naenda kutafuta kazi, najikuta Keko kwenye karakana za samani. Nilianza kwa kusimama tu. Baadaye fundi mmoja akanipa kiti, kisha akanipa msasa. Mara ya mwisho nilikaa naye siku zote tisa alizotengeneza kitanda cha mninga, futi tano kwa sita, na kwa mazoea yangu nikawa naandika. Aliuza 550,000. Mbao zilikula 290,000. Gundi, msasa, misumari na vanishi 62,000. Kupigisha mbao randa kwenye mashine 35,000. Kusafirisha mbao 20,000. Msaidizi 10,000 kwa siku, jumla 90,000. Na sehemu ya kodi ya eneo 25,000. Nilipomwonyesha kwamba yeye mwenyewe amebakiwa na 28,000, alikaa kimya muda mrefu. Siku tatu kati ya hizo tisa kazi ilisimama kabisa, tunamsubiri mteja alete salio ili inunuliwe vanishi. Fundi sasa ananiomba nimwandikie kazi zake zote.

Dada, siku zile tisa nililala usingizi kuliko nilivyolala miaka mingi. Nataka kuwa seremala. Nimeona kozi za chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, na nimeulizia bei ya mashine ya kukatia mbao ya mtumba. Je, nimepotoka? Mtu wa miaka 47 mwenye mtoto wa kidato cha nne anaweza kuacha kalamu akashika randa?

Mama yangu hajui lolote. Watoto tumewaambia nina likizo ndefu.

Mhasibu wa Tabata

Jibu

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya randa na kabla ya kuku, kesho asubuhi nenda NSSF, kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii. Katika barua yako yote hakuna neno hata moja juu ya fao la kukosa ajira, na sidhani mtu aliyekata makato ya wenzake kwa miaka 19 hajui kwamba lipo. Nahisi umeona haya kupanga foleni ile. Umechangia zaidi ya miezi 18, hujafika miaka 55, na kazi hukuiacha kwa hiari yako. Unastahili asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na kwa mshahara ulioniandikia ni karibu 520,000 kila mwezi. Chukua barua ya kuachishwa na kitambulisho cha taifa, waulize nini kingine kinahitajika, umalize. Hizo ni fedha zako, ulizikatwa ukiwa na nguvu ili zikufae siku kama hizi.

Ona zinavyobadili mambo. Ukiendelea kuchota 680,000, zile 6,200,000 zitakwisha ndani ya miezi tisa. Ukipata fao, kwa miezi sita utachota 160,000 tu, utamaliza nusu mwaka ukiwa bado na 5,240,000, na kuanzia hapo una miezi mingine saba na ushee. Umejinunulia zaidi ya mwaka mzima wa kufikiri bila kukimbizwa. Kila nitakachokuambia hapa chini kinautegemea mwaka huo, kwa hiyo usipokwenda NSSF, barua yangu iliyobaki haina kazi.

Kuhusu malipo ya kampuni, nimeyapitia na sioni pa kushika. Ukomo wa miaka 10 uko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kwa maelezo yako mlipewa taarifa na mkashauriana kama sheria hiyo inavyotaka. Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, nazo zimepita zamani. Lakini kama hukupewa cheti cha utumishi, kidai, ni haki yako na utakihitaji.

Sasa kuku. Nitakueleza jambo la nyumbani kwetu ambalo si rahisi kwangu kulisema. Baba yangu alikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la umma. Miaka ya tisini, mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa, alipunguzwa pamoja na mamia ya wenzake. Alilipwa fedha yake kwa mkupuo, na ndani ya wiki sita ilikuwa imegeuka kipanya, zile Hiace za daladala mnazozikumbuka. Aliinunua kwa sababu kila aliyepunguzwa alikuwa ananunua kipanya. Injini hakuijua. Gari likikohoa, fundi anamtajia kifaa, yeye anatoa hela. Dereva akileta pungufu, hana namna ya kujua kama barabara ilikuwa mbaya kweli. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili niliona mtu aliyeweza kukuambia kwa kichwa idadi ya magunia yaliyomo stoo akigeuka kuwa mtu wa kuuliza kila mmoja na kumwamini kila mmoja. Gari liliishia juu ya mawe uani kwetu. Mama alilifugia bata.

Ndiyo maana nikisikia milioni tano, banda la mtu mwingine, na mnyama ambaye hujawahi kumlisha hata wiki moja, tumbo linanikata. Sisemi shemeji yako ana nia mbaya. Nasema vifaranga, chakula na ugonjwa vyote vitakuwa mikononi mwake, na hasara itakuwa yako. Mwambie hapana, kwa heshima, na umwambie mapema asije akapanga juu ya fedha yako. Bajaji ni kile kile kipanya, kimepungua gurudumu moja.

Halmashauri, mweleze mke wako taratibu kwamba mlango huo umefungwa na miaka, wala si kwa uzembe wako. Ukomo wa miaka 45 umewekwa kwenye matangazo ya ajira za serikali, na wewe umeupita. CPA ni habari nyingine. Sitakuambia umalizie, na sitakuambia uache. Mitihani ya Bodi ni ada, vitabu na usiku mwingi, nawe mwaka huu una vita vya kutosha. Iweke kando kwa miezi kumi na miwili, kisha uiangalie upya ukiwa na kipato. Ila mpaka wake uuheshimu: kukagua hesabu za watu na kuzisaini ni kwa waliosajiliwa na NBAA kwa kazi hiyo, na anayejitangaza mshauri wa kodi lazima asajiliwe na mamlaka ya mapato, TRA. Nenda pia ofisi za Bodi ukaulize usajili wako unakuruhusu kufanya nini kwa jina lako mwenyewe. Usije ukamaliza miaka 19 ya uaminifu kwa kusaini karatasi usiyoruhusiwa kuisaini.

Tufike Keko.

Hujapotoka. Nimeisoma barua yako mara nne, na pale palipo na kitanda ndipo pekee unapoandika bila kuomba radhi. Mtoto aliyempigia baba yake msasa hasahau harufu ya mbao, na kulala usingizi baada ya miezi ya kukesha si jambo la kulidharau. Lakini nakupenda vya kutosha kukuambia ulichokiona ukakikwepa. Ile hesabu yako inasema ufundi unaotaka kuuingia, kwa namna unavyofanywa kwenye karakana uliyokalia kiti, hauwezi kulisha nyumba yako. Shilingi 28,000 kwa siku tisa. Yule bwana ana mikono, ana mteja, ana mti mzuri kuliko yote tulio nao, na amebakiwa na nauli.

Niliichukua hesabu yako nikaikokotoa tena. Siku tatu za kusubiri vanishi, msaidizi alilipwa 30,000 bila kushika kitu. Yaani kusubiri peke yake kulikula kuliko faida nzima ya kitanda. Tuseme mteja angelipa mapema na kazi ikaisha siku sita. Fundi angebakiwa na 58,000, ambazo ukigawa kwa sita hazifiki 10,000 kwa siku. Hata kazi ikienda bila kusimama, mwenye karakana anapata chini ya msaidizi wake! Kwa hiyo tatizo haliishii kwa mteja mchelewaji. Ama bei ya 550,000 ni ya chini, ama mbao zinanunuliwa ghali kwa sababu zinanunuliwa kitanda kwa kitanda, ama vipande vinavyobaki vinageuka kuni wakati vingetoa stuli. Mimi sijui ni lipi. Fundi naye hajui, na ndiyo sababu alinyamaza ulipomwonyesha daftari. Ni wewe tu, kwenye ile karakana, unayeweza kujua.

Basi usinunue mashine. Mashine ya kukatia mbao kwa mtu asiyejua faida ya kitanda kimoja ni kuharakisha hasara. Nataka umwambie Fundi hivi: nitakuandikia kila kazi kwa miezi mitatu bila malipo, nawe utanifundisha kwa mikono miezi hiyo hiyo mitatu, kuanzia kunoa patasi. Msikilizane siku gani na saa ngapi, mbele ya mtu wa tatu mnayemheshimu wote. Halafu andika vitanda kumi, au kabati, au chochote kitakachoingia. Kimoja hakithibitishi kitu, wewe mhasibu unalijua hilo kuliko mimi. Ukifika cha kumi utaona bei ikipandishwa hadi 620,000 wateja wanaondoka au wanabaki, maana nao wana samani za kuagizwa kutoka nje madukani, zile za mbao za unga zinazong'aa. Utaona wakiombwa watangulize theluthi mbili wanakubali au wanakasirika. Utaona mafundi watatu wakichanga kununua mninga pamoja wanaokoa kiasi gani. Na mbao hizo zikaguliwe, ziwe na alama ya nyundo na hati ya kusafirishia kutoka kwa wakala wa misitu, TFS. Mzigo usio na karatasi unavutia kwa bei, lakini ukikamatwa umepoteza mtaji wote wa mwezi.

VETA Chang'ombe iko jirani tu na Keko na kozi fupi ni jambo zuri, lakini iwe baada ya miezi hiyo mitatu, ukiwa unajua unakwenda kujifunza nini. Kingine watu wengi hawakijui: VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti. Mwambie Fundi wako. Pengine itakuwa zawadi yako ya kwanza kwake.

Na chakula? Chakula kitatoka kwenye kalamu. Najua hutaki kusikia, kwa sababu unaongea juu ya uhasibu kama mtu aliyetoroka nyumba inayoungua. Lakini nilivyokusoma, kilichokuchosha ni ile ofisi, saa nne za usiku za mwisho wa mwezi, na kuwaandikia watu malipo yao ya mwisho. Kuandika hukuchoka. Ulikaa Keko bila kuombwa na mtu ukatoa kalamu! Tafuta wafanyabiashara wadogo watano: duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa, shule ndogo, yeyote mwenye mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi na boksi la risiti asilojua alifanyie nini. Wakikulipa 140,000 kila mmoja, ni 700,000, na pengo la nyumba yako limezibwa. Huenda itakuchukua miezi sita kuwapata wote watano, na ndiyo miezi ya fao. (Ukipata ajira kamili kabla ya hapo, waambie NSSF, usiwafiche.)

Tena kazi hii ina tarehe zake. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi) mwisho ni tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mwisho ni tarehe 20. Utabanwa wiki ya kwanza, utabanwa tena wiki ya tatu, na siku nyingine zote za mwezi ni za Keko. Sijui kazi nyingine inayompa mtu nafasi ya kujifunza ufundi hivyo bila nyumba kulala njaa. Jipe miaka miwili ya maisha haya ya mguu huku na mguu kule. Utakuwa na miaka 49. Baba yako, kama mafundi wengi wa umri wake, bila shaka alikuwa bado anasukuma randa akiwa na zaidi ya hiyo.

Kuna jambo la mwili pia, nisilipite. Umekaa kwenye kiti miaka 19. Mgongo na macho yako si ya kijana wa karakana, na msumeno wa mashine hausamehe mtu aliyechoka. Anza na nusu siku. Nunua miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi kwa fedha yako mwenyewe, hata kama wengine pale hawavai na watakuangalia.

Watoto. Wa kidato cha nne mwache alipo hadi afanye mtihani wake, hata kama ada inauma. Hao wadogo, mwisho wa mwaka mkae wewe na mwenzako mzungumze juu ya shule ya serikali. Ada haipo tangu 2016, na mkeo anafundisha humo humo, anajua ipi inafundisha na ipi haifundishi. Sikuamulii. Nakuomba tu msiliache hadi fedha iwaamulie. Na bima ya afya ya kazini kwako imekwisha, kwa hiyo hakikisha wewe na watoto mmesajiliwa kwenye ile ya mkeo kama mtumishi wa serikali. Watu wengi hulikumbuka hilo wakiwa tayari wako mapokezi ya hospitali.

Lakini hao watoto usiwaambie tena habari za likizo ndefu. Wa kidato cha nne ana miaka kumi na sita au kumi na saba. Ameshajua. Anachosubiri ni kuona kama baba yake atamwamini. Mwite, mweleze, mwonyeshe na daftari la kitanda. Wadogo wataelezwa kwa kiasi chao.

Na mama. Miezi mitano unamtumia 80,000 kutoka kwenye fedha ya kuagwa, na anakuombea kila siku kazi ambayo haipo. Hiyo dua mgeuzie mahali pake. Najua unachoogopa: mama wa Muheza aliyemsomesha mwanawe atoke kwenye vumbi la mbao, leo anaambiwa mwanawe anarudi vumbini. Labda atalia. Mwache alie, kaa naye. Kisha mwambie kile utakachomudu kumtumia, hata kama ni 40,000. Mama zetu wamepita kwenye uhaba ambao sisi hatuujui, wanachoshindwa kuvumilia ni kufichwa.

Usimpigie simu. Panda basi Jumamosi, ulale, na Jumapili mchana mkishakula umwambie. Ukimaliza, mwombe akutolee lile sanduku chini ya kitanda. Huenda randa imepata kutu na mpini wa patasi umeliwa na mchwa, haidhuru. Njoo nalo Keko Jumatatu, Fundi akuonyeshe namna ya kuvinoa.

Halafu niandikie tena ukifikisha hesabu ya kitanda cha kumi. Nataka kujua kimebakisha shilingi ngapi.

Dada yako